Baridi Yabisi na Viashiria vya Damu: Istilahi Zisemazo Kupita Kiasi

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazohitaji kuchunguzwa upya, "baridi yabisi" yastahili kutangulia. Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu, na asili yake ni tiba ya kale iliyoyapima maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Yametufaa kwa muda mrefu. Hata hivyo, hubebeshwa kila maumivu ya viungo, yawe ya uzee, ya ugonjwa au ya sumu, na mfasiri ayatumiaye bila kupambanua huwa hajafasiri kitu.

Tuchukue mfano wa Endasak, chini ya Mlima Hanang. Mahali hapo pamo katika ukanda wa Bonde la Ufa, ambamo maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Anywaye maji ya namna hiyo kwa miaka mingi aweza kukakamaa mgongo, kwa kuwa kano zinazoshikilia pingili huingia chokaa na kugeuka mfupa. Upo ugonjwa mwingine, ulio nadra kwa Waafrika wa kusini ya Sahara, ambao huvishambulia viungo vya mgongo na mwishowe kuukakamaza vilevile. Wa kwanza hudai kwanza kubadili maji. Wa pili hudai dawa na mazoezi. Ikiwa wagonjwa wote wawili wataandikiwa "baridi yabisi", nani atamwambia yule wa kwanza akiache kisima chake?

Kuuita ugonjwa wa pili "uvimbe wa uti wa mgongo" hakusaidii. Uvimbe ni nundu, na msomaji atatafuta nundu isiyoonekana; tena "uti wa mgongo" umekwisha kushikwa na homa ijulikanayo kwa jina hilo, ambayo ni maradhi ya utando wa ubongo. Sisi twapendelea "mwako wa viungo vya pingili". Wako watakaosema kwamba mwako ni wa moto. Ni kweli, lakini Kilatini na Kiarabu navyo viliijenga dhana hii juu ya neno la moto, wala waganga wao hawakupotea.

Ugumu hasa umo katika vipimo vya damu. Viko vinavyoonyesha mwako, kama ile protini itolewayo na ini mwili unapowaka. Viko vingine vinavyoonyesha kwamba seli zinatengeneza mfupa, kama osteokalsini na fosfatasi alkali ya mfupa. Kuviita vyote "alama za ugonjwa" ni kuvuruga, kwani mwako waweza kutulia huku mfupa ukizidi kuongezeka. Tuseme basi "viashiria vya mwako" na "viashiria vya ujenzi wa mfupa".

Neno "ujenzi" lina kasoro yake. Katika nchi iliyozoea kusikia ujenzi wa taifa, ujenzi ni jambo la kusifiwa, na mgonjwa akiambiwa kiashiria chake kimepanda aweza kufurahi. Kwa sababu hiyo wengine wangependa "uotaji wa mfupa", kama jino liotavyo mahali pasipo pake. Neno hili ni zuri, ila tusilitumie kwa damu. Damu haisemi mfupa unajengwa wapi. Aliyevunjika mguu na anayepona, na hata mtoto anayekua, nao huonyesha kiwango cha juu. Mahali huonekana katika picha ya eksirei. Kwa hiyo "ujenzi" ubaki kwa kipimo cha damu, na "uotaji" utumike kwa kile ambacho picha imekionyesha.

Limebaki neno "ya mfupa" katika fosfatasi alkali. Wafasiri hulidondosha kwa kuona linarefusha istilahi. Kimeng'enya hicho hutoka pia katika ini, na bila neno hilo mwenye ugonjwa wa ini atadhaniwa kuwa ana ugonjwa wa mgongo.