Kufa Bila Senti

Mjukuu wangu, aliyeajiriwa juzijuzi, aliniletea kitabu akasema, "Babu, soma hiki halafu uniambie kama niache kazi mwaka mmoja nikatembee." Kitabu chenyewe ni Die with Zero cha Mmarekani Bill Perkins, kilichotoka mwaka 2020. Kwa tafsiri yangu ya haraka, ni kufa bila senti. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nimekwisha vuka miaka sabini, na tangu chuo cha ualimu nimezoea kusoma nikiwa na kalamu ya risasi mkononi. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika.

Hoja yake si ngumu. Fedha ni ya kununulia maisha, na mwili una majira yake. Yako mambo ambayo ukiyaahirisha hayakungoji. Mwandishi anasimulia habari za mwenzake wa chumbani aliyekopa dola 10,000 wakiwa bado vijana wa miaka ya ishirini, akazunguka Ulaya miezi mitatu. Yeye Perkins alibaki kazini. Alipokuja kwenda huko akiwa na miaka 30, akaona kuwa kulala katika mabweni ya vijana hakumfai tena. Kumbukumbu ya safari, anasema, huzaa faida kila unapoirudia, kama fedha iliyowekwa mahali pema. Na anayekufa ameacha akiba asiyoitumia, saa zote alizoitafutia fedha hiyo amezifanyia kazi bure.

Nilikasirika kwa sababu nilijiona.

Mwaka 1978 mwalimu mwenzangu, tuliyemaliza chuo pamoja, alinishawishi tuombe likizo bila malipo tukatembee. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, kwa hiyo alipanga njia nyingine: treni ya daraja la tatu hadi Kigoma, meli ya Liemba hadi Mpulungu kule Zambia, kisha basi hadi Kasama na kurudi Dar es Salaam kwa TAZARA, ambayo wakati huo ilikuwa reli mpya. Nilikataa. Nilikuwa na kijitabu cha benki chenye shilingi 3,000, na nilikionea fahari kuliko cheti changu cha ualimu. Akaenda peke yake.

Siku hizo dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Mwaka 1986 shilingi yetu ikashushwa thamani kwa zaidi ya nusu, na haikuishia hapo. Kufika katikati ya miaka ya 1990 dola ilikuwa imevuka shilingi 500. Zile 3,000 hazikufika tena dola sita. Faida ya benki siitaji, maana ilikuwa ya kufutia machozi. Hesabu hiyo, nikiri, inamsaidia Perkins kuliko inavyonisaidia mimi.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi ya fedha. Mimi na marehemu mke wangu tuliahidiana kupanda Liemba nikistaafu. Nilistaafu mwaka 2011. Meli ile, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ingali ikisafiri ziwani, lakini mke wangu alikuwa hawezi tena kupanda ngazi ya basi, sembuse ya meli. Nilimkumbuka Shaaban Robert, aliyeandika juu ya maisha baada ya miaka hamsini, naye akafariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53.

Basi mara ya kwanza nilikubali kuwa nimeshindwa. Mara ya pili nikaanza kuuliza maswali.

Mtu wa kitabu hiki hana ndugu. Ana watoto, ndiyo, na ushauri wake juu yao ni mzuri sana: wape mapema, wakiwa na miaka kati ya 26 na 35, usingoje ufe ndipo warithi nao wamekwisha zeeka. Nimeona urithi wa shamba ukimfikia mtu mwenye mkongojo, kwa hiyo hapo nampa alama zote. Lakini fedha yake inashuka kwa watoto tu. Wazazi na wadogo zake hawana sura yao. Mwaka uleule niliokataa safari, mdogo wangu wa kike alipata nafasi ya sekondari ya bweni, nami nilimnunulia sanduku, godoro, shuka na sare, nikamlipia nauli. Alikuja kuwa muuguzi. Ndiye aliyemuuguza mke wangu miaka miwili ya mwisho, usiku na mchana. Mwandishi angeiandika fedha ile katika safu gani? Si akiba, wala si safari.

Rafiki yangu naye alirudi amenawiri, ana hadithi za mwaka mzima, lakini hana nauli ya kufika kituo chake cha kazi. Nilimkopesha kutoka kijitabu kilekile. (Alilipa, kwa awamu.) Habari ya anayebaki nyumbani ili mwingine atembee sikuiona kitabuni.

Kuhusu hofu ya kuishi muda mrefu kuliko fedha, Perkins anaelekeza kwenye mikataba ya bima inayolipa hadi kufa. Kwetu kilicho karibu na hicho ni pensheni, na mwalimu yeyote anajua vilio vya kikokotoo: kanuni ikaja 2018, ikasitishwa mwaka huohuo, nyingine ikaja 2022. Kijana wa miaka 25 apige hesabu gani kwa kanuni inayohama?

Nilimwambia mjukuu aende, lakini kwa miezi mitatu, kwa ruhusa ya mwajiri, na kwanza amalize ada ya mdogo wake ya muhula huu. Akacheka, akasema Babu umegawa tofauti nusu kwa nusu. Kitabu chake amekichukua. Pembeni mwa sura ya watoto nimeandika kwa kalamu ya risasi, "Na wadogo zake?" Sijui kama ameona.