Joto Husafiri, Halisafirishwi: Tahakiki ya Rasimu ya Istilahi za Kwanta

Rasimu moja ya istilahi za fizikia imepita mikononi mwa wafasiri kadhaa, nasi tumeombwa tuitolee maoni. Inahusu fani ichunguzayo jinsi joto, umeme na chembe zinavyosafiri katika mifumo ya kwanta yenye chembe nyingi zilizobanwa katika mstari mmoja, wakati mfumo wenyewe umo nje ya msawazo. Watungaji wake wastahili sifa, kwani hawakukimbilia kuyaswahilisha kwa matamshi tu maneno yote ya kigeni. Hata hivyo, baadhi ya maneno waliyoyachagua yanaificha dhana badala ya kuifunua.

Tuanze na "usafirishaji". Neno la Kiingereza lililofasiriwa limetoka katika Kilatini, na asili yake ni kubeba kitu na kukivusha. Watungaji wameifuata asili hiyo, wakasahau kwamba kauli ya kutendesha katika Kiswahili hudai mtendeshaji. Palipo na usafirishaji pana msafirishaji. Lakini nondo ikitiwa ncha moja motoni, nani anayelisafirisha joto hadi ncha ya pili? Tangu Fourier alipochapisha kitabu chake cha nadharia ya joto mwaka 1822, imefahamika kwamba mtiririko wa joto katika kitu kama hicho hutegemea tofauti ya halijoto baina ya sehemu na sehemu. Mwalimu wa shule ya msingi husema "joto husafiri", naye husema sawasawa. Basi na tuseme "usafiri". Wako watakaodai kwamba neno hilo linakumbusha mabasi; sisi hatuoni ubaya, maadamu chembe nazo zina safari zao.

Kosa kubwa zaidi ni "utulivu", lililowekwa mahali pa msawazo. Tuirudie nondo yetu: ncha moja imo motoni, ya pili imo katika maji yanayobadilishwa ili yabaki baridi. Baada ya muda, halijoto ya kila sehemu ya nondo haibadiliki tena. Mtazamaji ataiona nondo imetulia, na kwa lugha ya rasimu atalazimika kusema kwamba imefikia "utulivu". Kumbe joto lingali linapita ndani yake bila kukoma. Hiyo ni hali ya kudumu, wala si msawazo. Katika msawazo hakuna mtiririko wa joto kutoka upande huu kwenda ule. Fani nzima imesimama juu ya tofauti hiyo, na neno linaloifuta haliwezi kukubalika hata likiwa zuri masikioni. "Mlinganyo" halifai pia, kwa kuwa wanahisabati wamekwisha kulitwaa. Tunapendekeza "msawazo", na kitenzi chake kiwe "kusawazika", ambacho kinafaa sana kwa kuwa hakihitaji mtu wa kusawazisha.

Umuhimu wa kitenzi hicho waonekana katika jaribio la Kinoshita, Wenger na Weiss wa Pennsylvania, Marekani, lililotangazwa mwaka 2006. Walizibana atomi za rubidi kwa miali ya leza katika mistari myembamba, kila mstari ukiwa na atomi kati ya 40 na 250, kisha wakazisukuma nusu huku na nusu kule ili zigongane zikienda na kurudi. Hata baada ya migongano maelfu, atomi hizo hazikuonyesha kusawazika. Ukitumia neno la rasimu utaandika kwamba "hazikutulia", na msomaji ataelewa tu kwamba ziliendelea kwenda, jambo ambalo hata atomi za hewa iliyosawazika hulifanya.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Vitu viwili vyenye uzito sawa vikigongana katika mstari mmoja bila kupoteza nishati, hubadilishana kasi tu. Jumla ya kasi zilizomo hubaki zile zile. Hapa rasimu inatukwaza tena kwa kuandika "mifumo ya mwelekeo mmoja". Barabara ya mwelekeo mmoja magari yake hayakutani ana kwa ana, ilhali atomi hizi zilikutana kila mara. Iandikwe "mifumo ya mstari mmoja".

"Miili mingi" tunaikataa bila maneno mengi: mwili una nyama na damu. "Chembe nyingi" yatosha.

Limebaki "kuenea", ambalo rasimu inalitumia kwa aina mbili za usafiri zilizo mbali kabisa. Katika aina ya kwanza, chembe hugongwagongwa na kupotea njia, hata umbali ukizidishwa mara mbili muda huzidi mara nne. Katika aina ya pili chembe hushika njia yake, na umbali ukizidishwa mara mbili muda nao huzidi mara mbili tu. Swali ambalo wachunguzi wa mifumo hii hujiuliza mara kwa mara ni lipi kati ya mawili haya linatokea. Mfasiri aliyepewa neno moja tu hawezi hata kuliandika swali hilo. Aina ya kwanza iitwe "msambao", ya pili "mwendo mnyoofu", na rasimu irudi kwa watungaji wake kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa.