Anza na Ngoma

Bendi ya posti-panki ikivunjika, ikanyamaza miaka kadhaa, kisha ikarudi na albamu iliyojaa vinanda na mashine, ubishi wa mashabiki huanzia kwenye gitaa: limepungua, limefichwa, wamelisaliti. Mimi huanza na ngoma. Mpiga gitaa anaweza kujificha nyuma ya kinanda, lakini mpiga ngoma aliyeletewa mashine ya mapigo hana pa kujificha. Hapo ndipo utajua kama mashine imeingia ndani ya utunzi au imemwagwa juu tu.

Wire, bendi ya London, wanafaa kwa somo hili kwa sababu walifaulu na kushindwa katika jambo hilohilo. Pink Flag ya 1977 ilibeba nyimbo 21 katika dakika 35 hivi. Wimbo ukishasema lake, unakatwa. Mpiga ngoma Robert Gotobed alipiga kikavu, bila madoido, kama mtu anayelipia kila pigo. Walitawanyika mwaka 1980, wakaungana tena 1985, na wakagoma kupiga nyimbo za zamani. Walipozunguka Marekani mwaka 1987 walichukua bendi nyingine, Ex-Lion Tamers, iwatangulie jukwaani na kuipiga Pink Flag badala yao. Kiburi, ndiyo, ila kiburi chenye akili.

Mwaka huohuo ilitoka The Ideal Copy, iliyorekodiwa katika studio ya Hansa, Berlin, chini ya Gareth Jones, mtayarishaji aliyekwisha kufanya kazi humo na Depeche Mode. Sikiliza “Ahead”. Mapigo yaliyopangwa kwa mashine yanakwenda sawasawa, na ngoma hazishindani nayo wala hazitetemeki mbele yake. Sababu iko wazi: Gotobed alikuwa akipiga hivyo tangu zamani. Mashine ilikuta tabia iliyokuwepo ikaiendeleza, na kwangu hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kazi bora.

Sasa weka Manscape ya 1990. Kila pembe imepangwa, kila nafasi imejazwa, na Gotobed unamtafuta kwa tochi. Baada ya albamu hiyo aliondoka. Waliobaki watatu wakaidondosha herufi ya mwisho ya jina, wakajiita Wir. Uamuzi wa Gotobed uko ndani ya sauti ya albamu hata kabla hujausoma popote.

Pili, angalia pengo la aliyeondoka. Bendi ya New Order waliporudi kwenye vinanda kwa albamu ya Music Complete ya 2015, mpiga kinanda Gillian Gilbert alikuwa amerejea, lakini Peter Hook, aliyelipiga gitaa la besi kwa noti za juu hadi likaimba, hakuwepo tena. Pale besi mpya inapojaribu kuimba kwa njia ile, mimi hupoteza hamu. Pale wanapoliacha pengo na kulikabidhi kinanda, kama katika “Plastic”, wanapumua.

Kuhusu sauti zilizopitwa na wakati, usihangaike sana. Mwangwi mzito wa miaka ya themanini unasameheka. Wimbo mrefu usio na la kusema hausameheki. Tena usidhani teknolojia lazima ilainishe muziki: Send ya 2003, Gotobed akiwa amesharudi, ilikatwa na kuungwa kwa kompyuta, na ni miongoni mwa kazi kali kuliko zote za Wire.

Ukitaka kujipima masikio, tafuta “Drill” ya Wire ya 1986, wimbo unaogongelea mdundo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya ngoma, mara ya pili kwa ajili ya kile ambacho hakikuwekwa. Ukiupenda, wameutengenezea albamu nzima ya matoleo yake, The Drill ya 1991. Hiyo usiwawekee wageni.