Urithi au Amana? Uhakiki wa Mgawanyo wa Sanaa za Baraza la London

Kiswahili hutenga kwa makini maneno mawili ambayo wanasheria na watawala aghalabu huyachanganya. Urithi huwa pale mwenye mali anapofariki. Amana huwa pale mwenye mali angali hai, naye amemkabidhi mwingine amtunzie. Mrithi aweza kuuza alichorithi. Mwekwa amana hana ruhusa hiyo, hata kama kitu kimekaa nyumbani kwake miaka arobaini. Tofauti hii yafaa kuwa kipimo cha kuhakiki yaliyozipata sanaa za umma za mji wa London baada ya baraza lililozinunua kuvunjwa.

Baraza la Kaunti ya London liliundwa mwaka 1889. Baada ya Vita Vikuu vya Pili lilijenga mitaa mingi ya nyumba kwa ajili ya wananchi wa kipato kidogo, na tangu mwaka 1956 lilikubali kutenga hadi pauni 20,000 kila mwaka ili kuweka kazi za sanaa katika mitaa hiyo, katika shule na katika bustani. Msingi wa mpango huo ulikuwa wazi: mtu asiyekwenda makumbusho naye ana haki ya kupita kila asubuhi mbele ya kazi ya msanii mkubwa. Mwaka 1962 ndipo iliponunuliwa sanamu ya shaba nyeusi ya Henry Moore, Draped Seated Woman, ikasimamishwa katika mtaa wa nyumba wa Stifford, huko Stepney, mashariki mwa London. Moore alikubali bei iliyo chini ya thamani yake. Mahali penyewe palikuwa na maana. Stepney iliumizwa sana na mabomu ya vita, na Moore ndiye aliyechora wakazi wa London wakiwa wamejifunika mablanketi katika stesheni za treni za chini ya ardhi, wakijikinga na mabomu hayo. Mikunjo ya nguo ya mwanamke huyu aliyeketi inakumbusha michoro ile. Nakala nyingine za sanamu hiyo ziko Wuppertal, Ujerumani, na Melbourne, Australia. Lakini ile ya Stepney ilipewa jina na majirani zake: Old Flo, yaani Bibi Flo.

Mwaka 1965 baraza lile lilifutwa, likafuatwa na Baraza la London Kuu. Hilo nalo lilivunjwa tarehe 31 Machi 1986, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1985. Hapo mali zilitawanyika. Hifadhi ya nyaraka ilikabidhiwa halmashauri ya City ya London. Jengo kuu la baraza, County Hall, liliuzwa kwa kampuni ya Kijapani katika miaka ya 1990. Nyumba ya Kenwood, pamoja na picha zake za Rembrandt na Vermeer, ilikwenda kwa shirika la taifa la English Heritage. Mabaki mengine yaliwekwa chini ya chombo maalumu cha kumaliza shughuli. Nacho kilipokoma, yaliyosalia yaliangukia halmashauri ya Bromley, kusini mwa mji.

Hapa panahitajika ulinganisho. Mkusanyo wa Kenwood ulipita katika mikono kadhaa bila kupotea hata mchoro mmoja kwa mnada. Sababu si thamani yake, kwani Old Flo pia ina thamani kubwa. Sababu ni kwamba Lord Iveagh, aliyefariki mwaka 1927, aliacha hati iliyotaja picha hizo ni za nani na ni za kazi gani. Kila mtawala aliyefuata aliikuta hati hiyo mlangoni. Old Flo haikuwa na hati ya namna hiyo. Nia ya baraza iliyoinunua ilikuwa katika kumbukumbu za vikao na katika vichwa vya watu, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Na hapa daftari lililokosekana halikuwa la hesabu tu, bali la makusudi.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mwaka 1997, mtaa wa Stifford ulipokuwa ukiondolewa, sanamu ilipelekwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye bustani ya sanamu. Mwaka 2012 halmashauri ya Tower Hamlets, ambayo Stepney imo ndani yake, iliamua kuiuza. Ilitajwa bei ya pauni milioni 20. Bromley ikasimama na kudai kwamba yenyewe ndiyo mrithi. Mwezi Julai 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu. Ilisema kwamba sanamu haikuwa sehemu ya ardhi, kwa hiyo haikufuatana na nyumba zilipohamishiwa Tower Hamlets. Hata hivyo, Tower Hamlets ilikuwa imeifanya mali yake kwa zaidi ya miaka sita bila kupingwa, na muda wa madai ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo sanamu ni yake.

Hukumu hiyo haina kasoro ya kisheria inayoweza kudaiwa hapa. Kasoro iko katika swali lenyewe lililopelekwa mahakamani. Pande zote mbili zilizungumza lugha ya urithi: marehemu ni baraza, je, mrithi wake ni nani? Lakini baraza halikuwa mwenye mali kwa maana kamili, lilikuwa mtunzaji. Wenye mali ni wakazi waliolipa kodi, na wakazi hawakufa tarehe 31 Machi 1986. Waliamka kesho yake, wakaenda kazini. Anayeirithi ofisi ya mtunzaji hairithi mali, hurithi wajibu.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa waliotaka kuuza. Tower Hamlets ilikuwa na umaskini mwingi, na serikali kuu ilikuwa imepunguza fedha zake. Tena, kuitunza sanamu hadharani si jambo rahisi: mwezi Desemba 2011 wezi waliiba katika bustani ya Dulwich kazi ya Barbara Hepworth iliyonunuliwa na Baraza la London Kuu mwaka 1970. Hoja hizo ni nzito, ila zinathibitisha tu kwamba amana ina gharama. Hazimpi mwekwa amana ruhusa ya kuigeuza kuwa fedha. Baada ya meya mpya kuchaguliwa mwaka 2015, mpango wa kuuza uliachwa, na mwaka 2017 Old Flo ilirudishwa Tower Hamlets. Haikusimamishwa katikati ya makazi ya wananchi, bali katika uwanja wa Cabot Square, huko Canary Wharf, kati ya majengo ya mabenki. Imerudi wilayani; kwa majirani wake bado haijafika.

Msomaji wa Lubumbashi asidhani kwamba kisa hiki ni cha Waingereza peke yao. Mwaka 2015 jimbo la Katanga lilifutwa, likazaa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila mara utawala unapogawanywa, magari, majengo na madeni huandikwa kwanza. Sanamu, picha, ngoma na nyaraka hungoja. London inafundisha kwamba kungoja huko ndiko hatari. Kinachotakiwa kuandikwa kabla ya mgawanyo ni mambo matatu: kitu gani, kipo wapi, na kiliwekwa kwa ajili ya nani. Jambo la tatu ndilo husahauliwa, nalo ndilo linalotenganisha amana na urithi.