Bwana Msa Afika Kimaka

Mpwa wangu ana miaka 15 na hapendi kusoma. Bukavu alisoma kwa Kifaransa. Hapa Jinja walimpima kwa Kiingereza, wakamweka P5 katikati ya watoto wa miaka kumi. Tangu siku ile akiona kitabu anaona aibu.

Mimi nilianza vibaya. Nilimpa Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa sababu mimi mwenyewe nilikipenda. Mtu anashtakiwa kwa kutaka watu wasomeshwe sheria. Nikadhani mkimbizi atajiona humo. Akasoma kurasa nne. "Mjomba, hawa watu wanahutubia tu." Simlaumu. Kile ni kitabu cha mtu ambaye tayari anajua kwa nini anasoma. Nikajaribu vile vya picha vinavyogawiwa na mashirika (nyie wa mashirika, samahani kidogo): sungura mvivu, sungura ajuta. Lugha ilimtosha, lakini hakuthubutu kukifungua mbele ya rafiki zake.

Kilichomshika ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka 1960. Nakala niliazima, haina jalada. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa ameuawa mzimuni, mahali panapoogopwa na watu. Wengine wana majibu ya haraka. Bwana Msa na kiko chake hana haraka: anauliza, anatazama, anaweka akilini.

Abdulla husifiwa kwa kuwa alimletea Mswahili mpelelezi wa aina ya Sherlock Holmes. Sawa. Mimi namsifu kwa jambo jingine: kitabu chake kinamwacha msomaji akosee bila kuchekwa. Shuleni, maswali ya ufahamu yanaulizwa na mtu mwenye majibu mkononi. Humu hata polisi hawajui. Usiku wa tatu kijana akanitajia muuaji wake. Nikamwambia, "Umejuaje?" Akafunua kurasa kurudi nyuma, kidole kwenye mistari, akitafuta. Hakukiona alichokitafuta, alikuwa amekumbuka vibaya. Akanyamaza, akabadilisha mshukiwa. Kule kurudi nyuma ndiko nilikokuwa nakutafuta miezi yote ile. Maswali yangu hayajawahi kumrudisha hata ukurasa mmoja.

Tunasoma hivi: yeye ukurasa mmoja kwa sauti, mimi miwili, halafu tunaacha pale panapouma. Umeme ukikatika (unakatika, na bwawa la Nalubaale liko pale pale mtoni) tunatumia tochi ya simu. Usiku mmoja niliamka nikaona tochi inawaka chini ya blanketi. Nikajifanya nimelala, bando lake na betri yake basi.

Kasoro zipo. Mazungumzo hurefuka mpaka unasahau nani anasema, na mtu asiyezoea kusoma hupotea hapo. Ndipo mimi nilipochukua zamu yake. Kiunguja nacho kilimpa taabu. "Mbona hawa hawasemi iko?" Anaposoma "mtu" anatamka "mutu". Mwanzoni nilikuwa namsahihisha kila mara, naye anapoteza hadithi. Nikaacha. Mutu ameuawa, nani kamuua, hilo ndilo la kwanza. (Muuaji simtaji hapa, msome wenyewe.)

Bado anasoma polepole. Mama yake akipiga simu kutoka Bukavu huuliza alama za darasani, nami sina habari njema za kumpa. Wiki jana mwenyewe alinyakua simu, akamsimulia mama yake kifo cha Bwana Ali kwa dakika ishirini, na mama akaanza kubishana naye kuhusu nani ana hatia. Mimi nilikuwa nimekuja kuzungumzia karo.

Sasa anauliza kama Bwana Msa ana vitabu vingine. Viko: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri. Hapa Jinja sijavipata. Mwenye nakala huko Nakivale au Kyaka II, hata iliyochanika, atuazime. Tutairudisha.