Je, Ubatizo Wafuta Hadithi za Wazee?

Huko Ulaya na Marekani kuna vitabu vya hadithi vinavyochanganya mambo mawili: masimulizi ya kale ya Wakelti, yaani watu wa zamani wa Irlandi, Wales na Uingereza, pamoja na imani ya Kristu. Vingine vimetafsiriwa kwa Kifaransa, na hivyo vyaweza kufika mikononi mwa vijana wetu. Je, vyafaa kusomwa? Leo tutavipima viwili. Na kipimo chetu tutakiomba kwa Wairlandi wenyewe, kwani wao walilijua jambo hili kabla ya watunzi wa leo.

Kitabu cha kwanza ni The Mists of Avalon, cha Marion Zimmer Bradley wa Marekani, kilichotolewa mwaka 1983. Kwa Kifaransa chaitwa Les Dames du lac. Ni hadithi ya mfalme Arthur, lakini twaiona zaidi kwa macho ya Morgaine, dada yake wa mama mmoja, aliye kuhani wa kike katika kisiwa cha Avalon. Arthur apewa upanga na watu wa Avalon, naye aapa kuwatendea haki watu wa dini zote mbili. Baadaye Gwenhwyfar, mke wake, amsihi aiache bendera ya joka na kwenda vitani na bendera ya msalaba. Arthur akubali. Tangu hapo urafiki wavunjika, na kisiwa chazidi kupotea katika ukungu.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Bibi huyu alijua kusimulia. Machozi ya mtu anayeona mambo ya wazee wake yakizimika ni machozi ya kweli, naye ameyaandika vizuri. Mkristu asiyeweza kumhurumia Morgaine hajafikiri bado ni kitu gani babu zake walikiacha siku ile walipoinamisha kichwa kupokea maji.

Lakini mizani ya kitabu hiki yalala upande mmoja. Mapadri wengi humo ni wakali na wenye moyo mfinyu. Gwenhwyfar asali kwa hofu. Hata Mtakatifu Patrick, aitwaye humo Patricius, ni mtu wa kukataza na kufukuza. Imani yaingia nchini kama mwizi anayevunja nyumba usiku. Tena dini ya kale yasimuliwa kana kwamba mambo yake yajulikana yote. Sivyo. Julius Caesar aliandika kwamba wadruidi, yaani makuhani wa Wakelti, waliona si halali kuyatia mafundisho yao katika maandishi.

Basi ni nani aliyetuhifadhia hadithi za Irlandi? Ni wamonaki. Kitabu kiitwacho Lebor na hUidre, kimojawapo cha vitabu vya zamani sana vya hadithi hizo, kiliandikwa katika monasteri ya Clonmacnoise. Mmoja wa walioandika kitabu hicho, Máel Muire, aliuawa na wanyang'anyi ndani ya kanisa la hapohapo mwaka 1106. Yeye alikuwa mtu wa msalaba, na kalamu yake ilitunza sifa za mashujaa ambao hawakubatizwa. Anayesema kwamba Wakristu walizizika hadithi zote amesahau mkono uliompa hadithi hizo.

Kitabu cha pili ni Taliesin, cha Stephen Lawhead, Mmarekani Mkristu, kilichotolewa mwaka 1987. Mtoto aokotwa katika mtego wa samaki, akua, awa mwimbaji mkuu wa Wabritoni, kisha amwona Kristu katika maono na kumfuata. Ampenda Charis, binti wa mfalme wa Atlantis, nchi iliyozama baharini. Hapo mwandishi amechanganya mno, kwani Atlantis ni hadithi ya Wagiriki, si ya Wakelti. Lakini si hilo linalotusumbua. Twapenda kuona wimbo na imani vikinywa katika chemchemi moja. Twasikitika kwamba watu wa hekima ya kale waiendea Nuru mpya karibu bila kuumia. Katika kitabu cha kwanza imani ni mwizi. Katika hiki mwizi hayupo, lakini msiba nao haupo. Mtu aongoka kama anayebadili shati.

Patrick mwenyewe hakuongea hivyo. Katika maandiko yake asimulia jinsi alivyotekwa akiwa kijana wa karibu miaka 16, akawa mtumwa huko Irlandi miaka sita. Alipotoroka alisafiri na watu wasiomjua Mungu, wakapata njaa ya siku nyingi. Kisha wakapata asali ya porini, wakampa. Mmoja akasema kwamba imetolewa sadaka. Patrick hakuionja. Jambo dogo! Lakini kila mzee aliyekataa nyama ya matambiko mbele ya ndugu zake ajua uzito wa asali ile. Mtunzi asiyeonyesha uzito huo hajatusimulia wongofu.

Sasa tuwasikilize Wairlandi. Karibu na mwaka 1200 kulitungwa kitabu kirefu, Acallam na Senórach, yaani Mazungumzo ya Wazee. Humo Caílte, mzee aliyebaki kati ya mashujaa wa Fionn, akutana na Patrick na kubatizwa. Patrick amwomba asimulie habari za zamani. Afurahi sana, kisha aingiwa na wasiwasi: je, hadithi hizi hazimpotezei sala? Hapo malaika wake walinzi wamwambia aagize ziandikwe, kwani zitawafurahisha watu hata mwisho wa dunia. Na Caílte, ingawa amebatizwa, aendelea kuwalilia rafiki zake. Hakuna anayemkemea. Katika nyimbo zilizotungwa baadaye, Oisín mwana wa Fionn agombana na Patrick waziwazi: baba yangu yuko wapi? Watunzi wale walikuwa Wakristu, wala hawakulificha swali hilo chini ya mkeka.

Tazameni pia hadithi ya watoto wa Lir. Mama wa kambo awageuza kuwa ndege weupe wa maji, wenye shingo ndefu. Wakaa hivyo miaka 900, wakiimba kwa sauti ya binadamu. Siku moja wasikia kengele ya mtu wa Mungu. Ndugu watatu waogopa, lakini dada yao Fionnuala awatuliza. Mwishoni wapata tena miili ya watu, nao ni wazee sana. Wabatizwa, wafa, wazikwa katika kaburi moja. Fionnuala aomba ndugu zake walazwe karibu naye, kama alivyowafunika kwa mabawa yake katika baridi ya bahari. Majina yao yachongwa juu ya jiwe kwa herufi za kale. Ubatizo haukufuta majina yao wala upendo wao. Lakini miaka 900 ya baridi nayo haikufutwa.

Hicho ndicho kipimo chetu. Mtunzi mwema wa hadithi za namna hii asimfanye Kristu mwizi, wala asimfanye babu kuwa Mkristu kabla ya wakati wake. Mmonaki mmoja wa karne ya 12, alipomaliza kunakili hadithi kubwa ya vita iitwayo Táin, aliwabariki kwa Kiirlandi wote watakaoikariri kwa uaminifu. Kisha akaongeza kwa Kilatini kwamba yeye hayasadiki mambo mengi yaliyomo. Alibariki, na alipima. Mtu mmoja, ukurasa mmoja.

Nasi Wakristu wa Kongo hatuko mbali na ukurasa huo. Misali ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yatualika kuwakumbuka wahenga wenye moyo mnyofu pamoja na watakatifu. Kwa hiyo kijana akileta nyumbani kitabu cha Avalon, tusikitupe motoni. Tukisome pamoja naye, tumwonyeshe mizani ilipolala. Kisha tumwite bibi au babu asimulie hadithi za ukoo wetu, naye kijana aziandike katika daftari, angali mzee yupo. Malaika wa Patrick hawakusema neno jingine.