Wasifu Usio na Msomaji

Leo sihakiki riwaya wala diwani. Nataka kuhakiki utanzu ambao karibu kila kijana wa mjini anauandika, na ambao hakuna mwalimu wa fasihi aliyewahi kutuandikia ubaoni. Nasema ile mistari mitatu minne unayoiweka kando ya picha yako mtandaoni, pamoja na ule ujumbe unaoutupa inboksi kwa mtu usiyemjua, ukitaka mfanye naye kazi. Utaniambia hiyo si fasihi, ni kutafuta riziki. Sawa. Lakini imeandikwa kwa maneno, ina mwandishi, inatafuta msomaji, na ama inafaulu ama inachemsha. Ya kwangu ilichemsha mara 37.

Nilikuwa nimemaliza mswada wa hadithi fupi. Sina mjomba kwenye kampuni ya vitabu, wala shangazi wizarani. Bando nilikuwa nalo. Nikakaa usiku mmoja nikatunga ujumbe, nikaunakili, nikawatumia wahariri, wachapishaji, waandishi wenye majina yao, na hata bwana mmoja ambaye baadaye niligundua kuwa anauza vigae. Ulisomeka hivi: “Habari za majukumu mkuu. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwandishi kijana mwenye kipaji na ndoto kubwa. Naomba koneksheni.”

Watu 36 hawakujibu. Wengine nilijua wamesoma, maana zile tiki mbili zilibadilika rangi, kisha kimya. Wa 37, mama mmoja mhariri wa kampuni ndogo, alijibu kwa sentensi moja: “Mwanangu, kitabu gani chetu umekisoma?”

Sikuwa nimesoma hata kimoja. Nilizima simu nikakaa gizani na aibu yangu, kama mtoto aliyekutwa juu ya mwembe wa jirani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma wasifu na jumbe za wenzangu kwa jicho la mhakiki, nikianza na zangu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyaona.

Tuanze na fani, kama tulivyofundishwa. Muundo wa wasifu wa mtandaoni ni mmoja tu: jina, halafu vyeo vilivyotenganishwa kwa vijiti. Mwandishi, kijiti, Mshairi, kijiti, Mhamasishaji, kijiti, Mjasiriamali, kijiti, Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Vyeo vitano, kitabu hakuna. Kampuni inayoongozwa na mkurugenzi huyo ina mfanyakazi mmoja, naye ndiye mkurugenzi, na ofisi ni kitanda chake. Simcheki, hata mimi nilikuwa Mkurugenzi Mtendaji kwa miezi minane.

Chini ya vyeo yanafuata maelezo, na hapo mwandishi anaanza kujizungumzia katika nafsi ya tatu: “Ni kijana mchapakazi, mwenye maono, mwenye shauku ya kuibadilisha jamii.” Nilijiuliza sana sauti hii nimeisikia wapi. Nikakumbuka. Wengi wetu neno hili “wasifu” tulilisikia kwanza msibani, pale ndugu mmoja anaposimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Pale marehemu huwa mpole, mchapakazi na mpenda watu, na hakuna atakayenyoosha mkono kuuliza swali. Sasa sisi tuliopo hai tunajisomea wasifu wa namna hiyo kila siku. Tunaandika kitu kisichoruhusu swali, kisha tunalalamika kwamba hakuna anayetuuliza chochote.

Lugha yenyewe ni vivumishi vitupu. Mbunifu, mahiri, mwenye kujituma. Vitenzi viko wapi? Umeandika nini, kimetoka wapi, umemhariria nani, umesoma mbele ya watu gani? Kitenzi kina ushahidi ndani yake, kivumishi unaweza kukiokota barabarani. Na kuna kichekesho kingine: mtu anaandika hadithi kwa Kiswahili, anamtafuta mhariri wa Kiswahili, lakini wasifu wake wote ni Kiingereza cha kukariri, kile kile kilichobandikwa na wengine elfu. Mhariri anayetaka kuonja Kiswahili chako kabla hajafungua mswada anakutana na sahani tupu.

Tukija kwenye maudhui, dhamira ni moja: nipeni. Mhusika mkuu ni mimi. Mhusika mwingine ni “mkuu”, “bosi” au “kiongozi”, mtu asiye na jina, asiye na kazi yake, asiye na uchovu wala ladha. Ni mhusika bapa kuliko wote niliowahi kusoma. Ndiyo maana ujumbe wangu uliweza kwenda kwa mhariri na kwa muuza vigae bila kubadilika hata nukta. Kwenye hadithi tungesema mwandishi hamjui mhusika wake. Kwenye biashara ni hivyo hivyo: sikumjua niliyekuwa nikimwomba.

Hapa ndipo mshikaji wangu mmoja, mchoraji wa majalada, aliponiwakia tukiwa kijiweni tunakunywa kahawa. “Wewe unakejeli tu,” akasema. “Mwenye mjomba hahitaji wasifu. Anapigiwa simu. Sisi tusio na mjomba tumebaki na huu mtandao. Ukitucheka tukaacha, umemsaidia nani?”

Nilikosa jibu, maana alikuwa na haki. Tena utafiti uko upande wake. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Aliwauliza wataalamu wa kitongoji kimoja cha Boston waliokuwa wamebadili kazi. Kati ya waliopata kazi kwa kupitia mtu wanayemfahamu, chini ya 17 katika kila 100 walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara nyingi. Waliobaki walipewa habari na watu wa kuonana mara moja moja, au kwa nadra sana. Sababu yake haina uchawi. Wa kijiweni mwako anayajua yale unayoyajua wewe. Nafasi mkiikosa, mnaikosa wote. Anayepita kijiwe kingine ndiye anayekuja na habari mpya.

Kwa hiyo mtandao si upuuzi. LinkedIn, uliofunguliwa mwaka 2003, ulijengwa juu ya wazo lenyewe hilo, kwamba rafiki wa rafiki yako ni mlango. Facebook, WhatsApp na Instagram zilipokuja, sisi wa huku tuliziingiza kazini bila kungoja ruhusa ya mtu: fundi cherehani anaonyesha mishono yake, dada wa keki anapokea oda, mwandishi anatafuta msomaji. Kijana wa Mbagala anaweza kumwandikia mhariri wa Nairobi akiwa ndani ya daladala. Baba zetu hawakuwa na nafasi hiyo.

Lakini nikamwambia mshikaji asikie na nusu ya pili. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliofuatilia watumiaji wapatao milioni 20 wa LinkedIn kwa muda wa miaka 5. Ukamuunga mkono Granovetter, ila kwa sharti. Uhusiano uliowasaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya haukuwa wa ndugu na maswahiba, wala haukuwa ule hafifu kupita wote. Ulikuwa wa katikati: mtu anayekufahamu kidogo. Shika hilo neno “kidogo”. Facebook inakuruhusu marafiki 5,000. Ukiwajaza wote na hakuna anayejua hata sentensi moja uliyoiandika, hao si mahusiano hafifu. Hao ni abiria wa kituo kimoja cha basi.

Basi swali la mhakiki ni hili: mtu asiyekujua kabisa anageukaje kuwa mtu anayekujua kidogo? Kwa upande wetu waandishi nadhani jibu tunalo, ni vile tu tunalidharau. Anakujua pale unapoonyesha kwamba umemsoma.

Tazama walivyofanya wenzetu. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina wa Kenya alishinda Tuzo ya Caine kwa kazi iliyokuwa imetoka kwenye jarida la intaneti. Katika orodha ya waliofika fainali mwaka huo alikuwemo pia Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria. Wawili hao walifahamiana kwenye intaneti, wakawa wanasomeana kazi. Hawakuanza kwa kuombana koneksheni. Walianza kwa kuambiana ukweli juu ya aya. Mwaka 2003 likatoka toleo la kwanza la jarida la Kwani? mjini Nairobi, Binyavanga akiwa mhariri wake.

Au chukua kundi la Jalada, vijana walioanza mwaka 2013. Mwaka 2016 walichukua hadithi moja ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kikuyu, wakaitoa kwa mpigo katika lugha zaidi ya 30. Kazi ya watafsiri wengi kiasi hicho, waliotawanyika nchi nyingi, huwezi kuipata kwa ujumbe wa “habari za majukumu mkuu”. Ilibidi kila mmoja aombwe kitu mahususi, kwa sababu ya lugha yake na kalamu yake. Huo ndio uhusiano wa kikazi: mtu anajua kwa nini ameandikiwa yeye na si jirani yake.

Na tusiende mbali. Wapo waandishi wa hapa hapa tunaowadharau kwenye semina zetu, wale wanaouza hadithi kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Sehemu ya kwanza bure, zinazofuata unatuma pesa kwa simu. Nimewasoma wengi. Kwa fani wana kasoro: hadithi inavutwa kama mpira, kila sehemu inaishia mlangoni mtu akiwa ameshika kisu, na wahaririwa ni wachache. Lakini nenda kasome wanavyozungumza na wasomaji wao. Wanawajua kwa majina. Wanajua nani analipwa mwisho wa mwezi na nani asome kwa mkopo. Msomaji akisema huyu mhusika mbona amebadilika ghafla, mwandishi anajibu siku hiyo hiyo, na mara nyingine anarekebisha. Hawana mstari wa vyeo. Wasifu wao unasema: hadithi ni hii, bei ni hii, namba ni hii. Kama prosa ya biashara, ni bora kuliko ya kwangu na ya wengi wenye shahada ya fasihi.

Hatari yao ni moja, na ni kubwa. Anayemsikiliza mnunuzi kila jioni huishia kuandika anachotaka mnunuzi kila jioni. Sisi wa vyeo tunaandika bila msomaji. Wao wakati mwingine msomaji anaandika badala yao. Kati ya maradhi haya mawili, hata hivyo, lao nadhani linatibika kwa urahisi zaidi. Mtu mwenye wasomaji anaweza kujifunza kuwakatalia. Asiye nao anaanzia wapi?

Nafikiria pia barua za Shaaban Robert. Zile alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, za kati ya 1931 na 1958, zilikusanywa zikatolewa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Bingwa yule alikuwa na heshima zote, lakini barua ni barua: inamwendea mtu mmoja, inajua anaishi vipi, inangoja jibu lake. Hebu jiulize, nani atakuja kukusanya jumbe zetu za kunakili? Akusanye nini? Ujumbe ni mmoja, wapokeaji ndio wengi.

Narudi kwa yule mama. Kwa wiki mbili sikumjibu. Kisha nikajikaza, nikaenda duka la vitabu nikanunua kitabu kimoja cha kampuni yao, diwani nyembamba ambayo nisingeigusa siku nyingine. Nikaisoma mara mbili. Nikamwandikia mistari minane: kwamba nimesoma sasa, kwamba shairi la ukurasa fulani limenitesa, kwamba nadhani mpangilio wa sehemu ya mwisho umeharakishwa, na kwamba naona aibu kwa ujumbe wangu wa kwanza. Sikuomba kitu.

Alijibu kesho yake. Kuhusu sehemu ya mwisho alinikatalia, akanieleza kwa nini. Mwishoni akauliza, “Na wewe unaandika nini?” Nilimtumia hadithi mbili. Usidhani nakuletea zile ngano za mtandaoni ambazo kijana anamsaidia mzee njiani, kumbe mzee ndiye bosi anayeajiri. Hadithi zangu hakuzichukua. Alizirudisha zimejaa alama, akiandika pembeni ya ya kwanza, “Kata kurasa tatu za mwanzo, hadithi inaanzia ya nne.” Alikuwa sahihi, na iliniuma. Leo, akiwa na mswada wa kijana unaohitaji msomaji wa kwanza, mara moja moja ananitumia mimi, na ananilipa. Pesa yenyewe si ya kujengea nyumba, lakini ni ya kalamu.

Mshikaji wangu nilimsimulia haya, akaniuliza sasa yeye afanye nini, maana mchoraji hasomi miswada. Nikamwambia achague jalada moja baya la mchapishaji mmoja, alichore upya, amtumie na sababu. Akatukana kidogo, akaagiza kahawa nyingine. Juzi nimemkuta amechora.

Na mimi wasifu wangu nimeufuta, nikaandika mwingine. Ukurugenzi nimejiuzulu. Sasa unasema: naandika hadithi fupi; mbili zimetoka katika jarida hili; Jumamosi nasoma miswada ya wenzangu, kurasa 10 kwa mtu, na nasema ukweli. Mwenye mswada aje. Ila nitamuuliza kwanza amesoma nini.